Mkwe Aliyeingiza Injini Hemani

Mume wa binti yangu anaitwa Damdin, na kwa miaka sita jina hilo sikulitamka ila nilipolazimika. Nilimwita "huyo". Mwambie huyo chai imeiva. Muulize huyo kama amemwona mbuzi mweupe. Watu walidhani nina kinyongo. Sikuwa na kinyongo, nilikuwa na macho.

Kwetu mwanamume huoa akamchukua mke kwenda kwao. Huyu alikuja na sanduku la spana, akahamia kwetu, akalala upande ule ambao marehemu mume wangu alikuwa akitundika hatamu zake. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu hata kamba haikuhitajika, maana hakuwa na pa kukimbilia. Farasi angemtupa kabla hajavuka kijito. Mara ya kwanza nilipompa farasi wangu mwekundu, alikaa juu ya tandiko kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili, kisha tukamwokota kwenye miiba. Akajipangusa, akamtazama yule farasi kwa makini, akasema, "Mguu wa nyuma wa kushoto una kasoro." Kasoro ilikuwa juu ya tandiko, bwana.

Alilelewa makao makuu ya wilaya, nyuma ya karakana ya ushirika wa zamani, na mjomba wake aliyekuwa akitengeneza matrekta. Ndiyo maana hajui kukamua, hajui kuchinja bila kumwaga damu, na akiongea anaongea na miguu yake. Ukimsalimu, vidole vyake vya miguu ndivyo vinavyojibiwa.

Nami nilikuwa na ngamia watano. Wale ngamia walilibeba hema langu kutoka malisho ya kiangazi hadi ya baridi kwa miaka kumi na minane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudai oili. Dulmaa, binti yangu, akanishika masikio majira yote ya kuchipua: Mama, dunia imekwenda, Mama, watu wote wana gari, Mama, Damdin ni fundi. Nikakubali. Ngamia wangu wakaondoka wamefungwa mkia kwa pua, na mahali pao ikaja gari ndogo ya mizigo ya Kirusi, kuukuu, rangi ya kijani iliyobabuka, mlango mmoja unafungwa kwa ukanda wa ngozi. Nilipoizunguka sikuona hata mahali pa kuipapasa.

Miaka miwili gari ilitembea. Vuli hii ikaanza kutoa moshi wa bluu, ikawa inakula oili kuliko sisi tunavyokula nyama, na penye kilima kidogo tu inalia kama mjane. Mwishoni mwa Septemba huyo akaingia hemani, akakaa karibu na mlango, akaviambia vidole vyake, "Mama, injini lazima ishushwe."

"Ishuke iende wapi?"

"Ishuke chini, Mama. Niifungue. Ringi zimekwisha, na beringi nazo. Hivi ilivyo haiwezi kupanda mlima na mzigo."

Sasa hapo sikucheka. Malisho yetu ya baridi yako ng'ambo ya mlima, bondeni, ambako kuna zizi la mawe na mwamba unaozuia upepo. Huku mtoni tulikokuwa hakuna kitu kinachozuia chochote. Theluji ikifunga njia ya mlimani kabla hujavuka, umefungiwa huku mpaka Aprili. Mwaka mmoja, Dulmaa akiwa bado ananyonya, tulichelewa kwa siku nne tu. Majira ya kuchipua yalipofika tulikuwa na kondoo kumi na mmoja kati ya mia mbili na thelathini, na mume wangu alikuwa amepoteza vidole vitatu na hamu ya kuongea. Kondoo wana miguu, Dulmaa angeweza kuwaswaga kwa farasi. Hema halina miguu. Jiko halina. Na ngamia hawakuwepo tena.

"Itachukua siku ngapi?" nikauliza.

Dulmaa akadondosha mwiko. "Mama! Fundi haulizwi lini, dereva haulizwi lini! Unatutakia mkosi?"

"Mkosi umekaa hapo mlangoni, haujavua hata viatu."

Huyo akatabasamu kidogo kama mtu aliyesifiwa. Hasira zangu zikapanda maradufu, kwani kumtukana mtu asiyetukanika ni kazi ya kuchosha.

Akasimika nguzo tatu juu ya gari, akafunga mnyororo, na yeye na Dulmaa wakalivuta lile dude mpaka likaning'inia hewani. Nje upepo ulikuwa unabeba mchanga. Akasema mchanga ni sumu, chembe moja tu inatosha kuua kazi yote. Kwa hiyo akaniomba, kwa adabu zote, aiingize injini hemani.

"Humu? Nilimo mimi?"

"Upande wa magharibi, Mama, pamoja na matandiko. Hiki nacho ni chombo cha kupanda."

Ikaingia. Kuanzia siku hiyo chai yangu ilinuka dizeli, ingawa aliniapia mara tatu kuwa gari hiyo haitumii dizeli. Akaosha pistoni kwenye beseni langu la maziwa. Boliti akazitia kwenye makopo matupu ya njegere. Gasketi moja, kile kizibo cha kati ya vyuma, akaikata kwa mkasi kutoka kwenye boksi la biskuti, biskuti nikaachiwa wazi zikalegea. Nikamwambia, "Ukikosa pistoni niambie, nina jibini kavu ngumu kuliko hizo." Akaichukua ile jibini, akaigonga gonga na spana, akasema kwa kweli ni ngumu. Kisha akaila.

Nitaeleza jambo moja la ufundi, nililojifunza baadaye kwa gharama ya uso wangu. Injini ile ina pistoni nne. Kila pistoni ina mguu wake, mafundi huuita konrodi, na kila konrodi ina kifuniko kinachoubana kwenye shafti kubwa. Vifuniko vyote vinne ukivitazama ni sawa, mtu na pacha wake. Lakini kila kimoja kimezoeana na konrodi yake tu. Ukimpa huyu kifuniko cha yule, vitabana, na injini haitazunguka, au itazunguka ijivunje.

Huyo alivipanga kwa njia yake. Mgeni akiingia hemani kwetu huenda kushoto, akafuata mwendo wa jua mpaka kwenye nafasi ya heshima mkabala na mlango. Na yeye akavitandaza vyuma vyake juu ya kipande cha sufu kwa mwendo huohuo: cha kwanza karibu na mlango, cha nne karibu na sanduku la sanamu za ibada. Juu ya kila kifuniko na konrodi yake akatia mistari kwa ile rangi nyekundu tunayowapakia kondoo pembe. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Wakati anapaka nilikuwa mtoni, na hata kama ningekuwapo nisingemtazama.

Kisha akaenda makao makuu ya wilaya kutafuta ringi na beringi. Alikwenda kwa farasi, kwa hiyo tulijua tutamngoja.

Siku ya pili ya safari yake nikaona vumbi, na ndani ya vumbi gari la bluu. Ni Ochir! Ochir ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamume mwenye mabega, mwenye farasi mia, mwenye lori la Kikorea linaloingia gia kama kisu kwenye siagi. Nitasema ukweli: ndiye niliyemtaka kwa Dulmaa. Alikuwa anakuja na mkewe, na mimi niko peke yangu hemani, Dulmaa yuko na kondoo, na upande wa wageni, upande anaopaswa kukaa mtu wa heshima, umetandazwa matumbo ya gari.

Aibu ilinishika miguu na mikono. Nikavizoa vyuma vyote kwenye kapu la kuokotea mavi makavu ya kuwashia moto, kang'a kang'a, nikavisukuma nyuma ya matandiko. Nikatandika zulia. Ochir akaingia, tukanusishana chupa za ugoro kwa salamu, nikampa chai na maandazi na ulimi wa kondoo.

"Mama Yanjmaa," akasema akinusa hewa, "mmeanza kupika petroli?"

"Tuna mkwe," nikamwambia. "Wengine hufuga mbwa."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mkewe pia. Nilijisikia kijana.

Walipoondoka, sikutaka kuonekana mtu asiye na utu. Nikavitoa vile vyuma kapuni. Vilikuwa vimeshika vumbi la mavi. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikavisugua kimoja kimoja, nikatoa ule uchafu mwekundu uliokuwa umegandia, mpaka vikang'aa kama vikombe vya sadaka. Nikavipanga upya juu ya sufu kwa mstari ulionyooka kuliko wake. Kitambaa nikakitundika kando ya jiko. Nilijisifu moyoni kwamba laiti angekuwa na akili angevisafisha mwenyewe.

Huyo akarudi kesho yake, anatembea, farasi anafuata nyuma. Akaingia. Akautazama ule mstari. Akakitazama kile kitambaa. Akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Kisha akaviambia vidole vyake, "Asante, Mama, kwa kusafisha."

Nikamjibu, "Angalau mtu mmoja humu anajua kazi."

Lama, mtawa wetu anayesoma siku njema, alikuwa ametuchagulia siku ya kuhama, tarehe kumi na nne Oktoba, saa ya farasi, yaani adhuhuri. Ochir naye alihama siku hiyohiyo. Kilele cha mlima kilikuwa kimeshaanza kuvaa nyeupe. Huyo alifunga injini kwa siku nne, polepole, akikaza, akilegeza, akikaza tena, jasho likimtiririka ndani ya hema la baridi. Nilidhani ni ujinga. Kumbe kulikuwa ni kubahatisha.

Adhuhuri ya tarehe kumi na nne injini imo garini, hema limeshakunjwa nusu, na Ochir amesimamisha lori lake lililojaa ili ashuhudie. Huyo akachomeka kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, akatema mate mikononi, akazungusha.

Haikwenda. Akazungusha kwa uzito wake wote, miguu ikaachana na ardhi. Akaning'inia pale kama kichwa cha mbuzi buchani.

"Ee, fundi!" Ochir akapaza sauti. "Umeifunga au umeizika?"

"Nimekosea," akasema.

"Umekosea nini?"

"Vifuniko vya konrodi. Nimevichanganya. Nimekosea kupanga, kaka."

Watu wa Ochir wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi. Nikasema, wote wasikie: "Miaka thelathini na minane, hajajua kuhesabu mpaka nne!" Na nikaendelea. Nikasema kuhusu ngamia. Nikasema kuhusu mjomba wake. Dulmaa alikuwa amesimama kando ya farasi wake, uso umemwiva, akaniambia, "Mama, basi." Sikuacha. Ulimi hauna mfupa.

Ochir akanikaribisha kiti. "Panda kwangu, Mama. Mzigo wenu siuwezi, nimejaa, na sitathubutu kurudi huku mlima ukianza kufunga. Lakini wewe panda."

Nilitamani. Lakini mama haachi jiko lake jangwani, hata kama amebaki nalo pamoja na bwege. Lori la bluu likapanda mlima peke yake.

Lama akatupa siku nyingine, tarehe ishirini na tatu. Usiku na mchana nilitazama kilele, na kila asubuhi ile nyeupe ilikuwa imeshuka hatua kadhaa. Moyo wangu ulikuwa hapo juu. Mdomo wangu ulikuwa hapa chini, haupumziki. Huyo alishusha tena injini, akaiingiza tena, akaifungua tena. Sasa akawa anachukua kifuniko kimoja, anakiweka kwenye konrodi moja, anapitisha ukucha wa kidole gumba pale vinapokutana. Ukucha ukikwama, si chake. Ukipita laini, huenda ni chake. Anabana, anazungusha kwa mkono, anasikiliza, anafungua. Siku tano. Nikamwambia anapapasa vyuma kama mganga anayetafuta mimba.

Siku ya sita akasema taratibu, "Hiki ni cha pili." Akamgeukia Dulmaa. "Niletee ile rangi ya kondoo."

Dulmaa akaleta kopo. Nilikuwa nakanda unga. Nikamwona anachovya kijiti, anatia mistari miwili myekundu juu ya kifuniko, na miwili mingine juu ya konrodi yake.

Mikono yangu ikasimama ndani ya unga.

Nikakitazama kitambaa kando ya jiko. Kilikuwa bado kinaning'inia pale, karibu wiki mbili sasa, kina madoa mekundu ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyaona. Na mimi si ndiye mwenye macho? Nyani haoni kundule. Nilitazama kile kitambaa, nikamtazama yeye, na nikajua kuwa alijua. Alijua tangu aliposimama mlangoni akaniambia asante. Alijua akiwa amening'inia kwenye kile chuma mbele ya watu, mimi nikimhesabia mpaka nne. Kwetu mkwe hampandishii mama mkwe sauti, na huyu mpumbavu alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko theluji. Angeniuliza tu: Mama, vilikuwa wapi? Mama, kipi kilikuwa karibu na mlango? Nisingejua, lakini angalau ningefunga mdomo.

Ninaona haya kusema nilichofanya. Nikaendelea kukanda. Kitambaa nikakichukua asipotazama, nikakificha kifuani ndani ya joho. Siku zile zilizobaki sikumcheka, lakini kunyamaza si kukiri. Tena akanishangaa, akamnong'oneza Dulmaa, "Mama anaumwa?"

Tarehe ishirini na tatu injini ilizunguka kwa mkono mmoja. Ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia kwenye mlio mmoja laini wa kufululiza. Huyo akasimama ameweka kiganja juu yake kama mtu aliyeshika tumbo la jike lenye mimba. Tukapakia. Dulmaa alikuwa ametangulia na kondoo tangu alfajiri. Mimi nikakaa mbele, mlango wa ukanda wa ngozi upande wangu.

Ilipanda. Theluji ilikuwa inafika katikati ya magurudumu, na ilipanda. Sehemu ile ambayo ngamia wangu wa kwanza alikuwa akisimama kila mwaka apumue, gari halikusimama. Kile kitambaa kilikuwa kinaniunguza kifua.

Kileleni, kwenye rundo la mawe la dua, tukashuka tukazunguka mara tatu, injini ikiachwa inanguruma, kwa sababu huyo hakuthubutu kuizima. Tuliporudi ndani, ndipo Ochir akatokea kwa farasi kutoka ng'ambo, anatafuta majike yake ya farasi yaliyopotea. Akainama dirishani, meno yote nje.

"Lahaula! Fundi wetu! Safari hii ulisaidiwa na nani kuhesabu?"

"Nilikosea, kaka," Damdin akauambia usukani wake.

"Mama, pole. Kila siku nakuonea huruma na huyu..."

"Ochir," nikasema, "funga mdomo, meno yataganda."

Nikatoa kitambaa kifuani, nikakisukuma dirishani mpaka karibu na pua yake. "Unakiona hiki? Alama za vifuniko ndizo hizi. Alizitia yeye, nikazifuta mimi, siku ile uliyokuja kula ulimi wa kondoo, ili wewe ukae pazuri. Hakukosea. Aliyekosea ni mimi, halafu nikacheka. Nenda ukawaambie wote uliowahadithia. Na mkeo pia."

Ochir akakishika kitambaa, hajui akifanye nini. Kwa mara ya kwanza nilimwona meno yamefunikwa, na uso ule bila kicheko haukuwa mzuri sana.

Mkwe wangu alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. Sikumtazama. Nilitazama mbele, bondeni, ambako moshi wa moto wa Dulmaa ulikuwa umeshaanza kupanda karibu na zizi la mawe.

"Damdin, mwanangu," nikasema. "Twende."

Mguu ukamtoka kwenye klachi. Gari likaruka hatua moja mbele, likatetemeka, likazimika palepale kileleni, lile lililopanda mlima mzima bila kukohoa.

"Unaona?" nikamwambia Ochir. "Injini anaijua. Kuendesha ndiko hajui."